Muulize Fundi wa Minara: Vijiti vimejaa, picha haiendi

Mwezi huu barua karibu zote zina kilio kimoja, utadhani mmekaa kikao bila kunialika. Netiweki inasoma, bando lipo, kitu hakiendi. Nimechukua sita, na nimezipunguza kidogo maana kuna watu mnaandika kama mnaandika wosia.

SWALI: Fundi shikamoo. Mi ni mwananchi wa Yanga kindakindaki, siku ya mechi na Simba nilikuwa kwa Mkapa pale mzunguko, simu inasoma 4G vijiti vyote vimejaa, nimerekodi kavideo kazuri nataka nikaweke status kanazunguka tu, kipindi cha pili kimeanza kanazunguka, mechi imeisha kanazunguka, nimetoka nimetembea mpaka Mtoni kwa Azizi Ally ndo kakaenda na hapo vijiti vilikuwa viwili. Inakuwaje vijiti vingi intaneti hamna, vijiti vichache intaneti ipo? (Shabiki, Temeke)

JIBU: Marahaba mwananchi. Vijiti vinakwambia unamsikia mnara kwa sauti ya kiasi gani, havikwambii kama mnara una nafasi yako. Ni daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni, limesimama mbele yako, mlango unaugusa, konda unamsikia mpaka mate yanakurukia, ila ndani haingii hata mguu.

Tupige hesabu ya sokoni. Uwanja ule unabeba watu 60,000. 4G ya kawaida kwenye upana wa masafa wa megahezi 20, antena mbili mnarani na mbili kwenye simu, inaweza kushusha megabiti 150 kwa sekunde, hiyo ni ya kwenye makaratasi. Ila wewe ulikuwa hushushi, ulikuwa unapandisha, na kupandisha ni kichochoro, simu nyingi za 4G mwisho wake ni megabiti 50 hivi. Na hiyo 50 siyo yako peke yako, ni ya wote mliomo kwenye upande ule wa mnara. Sema mko 1,000 tu mnaorusha kwa mpigo, kila mtu anabaki na kilobiti 50. Video ya megabaiti 10 kwa mwendo huo inachukua dakika 26 na ushee, na hapo hajakatika mtu. Si ndo maana imekukuta Azizi Ally.

Sasa wenye mtandao wanafanyaje. Wanaweza kununua masafa mengine, ila masafa ni kama viwanja vya Masaki, vimepimwa, vinahesabika na bei unaijua, TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, walivyopiga mnada 2022 hela zilitembea. Wanaweza kujenga mnara mwingine, nao unataka kiwanja, umeme, faiba na majirani wenye moyo. Njia ya tatu ndo mafundi tunayoipenda, masafa yaleyale unayatumia mara nyingi zaidi kwa kuelekeza. Angalia mnara wowote hapa mjini, juu utaona antena zimegawana pande tatu kama mafiga, kila moja inalisha theluthi yake na zote zinatumia masafa yaleyale. Mnara mmoja umekuwa mitatu bila kuongeza kiwanja. Uwanjani unagawa zaidi, unafunga antena nyingi zenye mwale mwembamba wa mawimbi juu ya paa zinaangalia chini, hii ilishe jukwaa hili, ile ilishe lile, watu wa mzunguko wasigombanie na VIP. Na miili yetu wenyewe inasaidia, binadamu ni dumu la maji, anameza mawimbi, kwa hiyo la jukwaa hili halifiki sana jukwaa la pili. Mashabiki mmegeuka ukuta bila kulipwa.

SWALI: Habari fundi. Nasimamia hosteli ya wanafunzi Mabibo, vyumba 40, nimenunua rauta ina antena 8 zimesimama kama buibui kalala chali, muuzaji kaniambia antena moja watu kumi kwa hiyo watu 80 wanatosha. Saa tatu usiku wanagonga mlango kama kuna moto. Nitafute ya antena 16 au niongeze busta? (Msimamizi wa hosteli, Mabibo)

JIBU: Dada, antena moja watu kumi ni hesabu ya kuuza mandazi. Hapo umepigwa. Ila antena nyingi zenyewe siyo geresha, zina kazi yake na ni kazi nzuri sana, ngoja nikueleze taratibu maana ukielewa hapa hutauziwa tena mbuzi kwenye gunia.

Anza na busta, yaani kuongeza nguvu. Claude Shannon, Mmarekani, mwaka 1948 alitoa hesabu ya mwisho wa uwezo wa njia yoyote ya mawasiliano, na mpaka leo hakuna aliyeipindua. Tuseme mawimbi ya rauta yanakufikia yakiwa na nguvu mara 100 ya kelele zilizoko hewani na unatumia megahezi 20. Kwa hesabu ya Shannon mwisho wako ni kama megabiti 133 kwa sekunde. Haya funga busta, nguvu mara mbili. Unapata 153. Umeongeza nguvu mara mbili umepewa megabiti 20, ni kama kumpigia kelele mtu ambaye anakusikia vizuri tu. Sasa rudisha nguvu ileile ya mwanzo, igawe kwenye antena mbili, kila moja ibebe mzigo wake tofauti, na mpokeaji awe na antena mbili, na njia za mawimbi ziwe tofauti kweli. Unafika kama 227. Nguvu hujaongeza, masafa hujaongeza, umeongeza antena tu.

Utauliza mizigo miwili inapitaje hewa moja, masafa mamoja, dakika moja bila kuchanganyikana. Inachanganyikana, ndo utamu wenyewe ulipo. Amka alfajiri pale Magomeni, misikiti mitatu inaadhini karibu kwa pamoja kila mmoja na spika zake. Ziba sikio moja, zote zinakuwa uji. Liachie, kichwa kinaanza kutenganisha, huyu yuko kulia, yule kushoto nyuma ya ghorofa, unamfuata unayemtaka. Ni kwa sababu sauti ya huyu inawahi sikio moja na kuchelewa kidogo lingine na ya yule kinyume chake, kichwa kinashika ile tofauti na kupiga hesabu wewe hujui. Simu yenye antena mbili inafanya hivyohivyo, kila antena inapokea uji, ila uji wa hii na uji wa ile haufanani, na kwa kuwa rauta ilitangulia kutuma alama zinazojulikana, simu inajua kila njia imepindaje, inatatua kama zile hesabu za x na y za sekondari, milinganyo miwili vitu viwili visivyojulikana, unavipata vyote. Hiyo ndo MIMO, sisi mafundi tunaita maimo.

Zamani mawimbi kugonga kuta yalikuwa maradhi. Wenye TV za antena ya juu mnakumbuka msoma habari akitoka na mzimu wake pembeni, lile lilikuwa wimbi la pili limegonga jengo likachelewa kufika. Mwaka 1996 Gerard Foschini wa maabara ya Bell Labs huko Marekani akaonyesha kwamba kuta hizohizo ndo zinafanya kila antena ione dunia tofauti, na tofauti hiyo ndo inaruhusu mizigo mingi. Kwa hiyo Kariakoo pamoja na maghorofa yake yote ni mahali pazuri pa maimo kuliko uwanja mtupu. Nakubali inachekesha.

Turudi hosteli. Shida ya kwanza, simu nyingi za wanafunzi wako zina antena mbili za waifai na nyingine moja. Rauta yenye nane ikiongea na simu ya mbili inapitisha mizigo miwili, siyo nane. Zilizobaki zinasaidia kuelekeza na kupokea vizuri, sawa, ila haziongezi mizigo kwa simu ile. Zipo rauta zinazoweza kuhudumia simu kadhaa kwa mpigo, hiyo ilianza kwenye waifai ya 5 toleo la pili na kwa kushusha tu, waifai ya 6 ndo ikaruhusu kwa pande zote, ila simu nazo lazima ziwe zinaijua. Simu ya elfu themanini iliyotumika haijui kitu hiyo.

Shida ya pili ni mimi naiita adabu ya waifai. Waifai kabla ya kuongea inasikiliza kwanza, ikisikia mwingine anaongea kwenye chaneli ileile inanyamaza. Hii ilinitia aibu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilifunga nyumba ya wageni moja maeneo ya Kijitonyama, nikaweka vituo vinne vya waifai, vyote nguvu mwisho kabisa, vyote chaneli 6 kwa sababu nilikuwa na haraka na njaa. Vijiti vilijaa mpaka chooni. Saa sita usiku mwenye nyumba kanitumia meseji: fundi njoo utoe mitambo yako wageni wananitukana. Nikaenda asubuhi, nikafungua kompyuta kwenye kochi la mapokezi, dada wa mapokezi ananiangalia kwa jicho la pembeni, nikakuta vituo vyote vinne vinasikiana vizuri kabisa na vinasubiriana kama wakwe mlangoni, karibu wewe, hapana tangulia wewe. Vinne vilikuwa vinafanya kazi ya kimoja. Nikashusha nguvu mpaka kila kimoja kikaishia vyumba vyake, nikagawa chaneli 1, 6 na 11 maana kwenye gigahezi 2.4 hizo tatu tu ndo hazigusani, simu zinazoweza nikazisukumia gigahezi 5 kwenye chaneli nyingi. Vijiti vikapungua, malalamiko yakaisha. Hela ya chai nilipewa na dada yuleyule wa jicho la pembeni.

Kwa hiyo antena 16 achana nazo. Nunua vituo vidogo vinne au vitano vya kawaida, uvivute kwa waya siyo kwa hewa, viweke koridoni kila kimoja na kipande chake, nguvu ya wastani. Hiyo ya buibui iweke katikati na antena zake usizisimamishe zote, antena ya fimbo inatoa mawimbi ubavuni kuzunguka kama donati, kwenye ncha hamna kitu, sasa ukizisimamisha zote nane ghorofa ya juu wanapata tundu la donati. Laza mbili tatu. Na kabla ya yote angalia faiba inayoingia hapo ni ya kasi gani, kama umelipia megabiti 20 kwa watu 80 basi hata ukifunga antena mia utakuwa umejenga barabara ya njia nane inayoishia kwenye mlango wa banda la kuku.

SWALI: Fundi za kazi. Niko Sinza, juu ya paa langu kuna mnara wa kampuni nimewapangisha. Juzi wamekuja mafundi wameongeza kitu kama boksi pana fupi pembeni ya zile antena ndefu, kila upande moja. Majirani wanasema ndo ile 5G mionzi imeongezeka, wengine wanasema ndani kuna antena 200. Mi naona boksi la saizi ya meza ya kahawa, 200 zitakaaje humo? (Mzee mwenye nyumba, Sinza)

JIBU: Shikamoo mzee. Zinakaa. Niliwahi kuliona moja limepasuka kifuniko, lilidondoka wakati wa kupandishwa, likawa limelala kwenye mchanga pembeni ya site nikapata muda wa kulikagua wakati wenzangu wanabishana nani atatoa taarifa. Ndani ni kama trei za mayai, vibati vidogo bapa saizi ya kitu unachoweza kufunika kwa kiganja cha mtoto, vimejipanga safu 12 kwenda chini na mistari 8 kwenda kando, kila kibati kinabeba antena mbili zilizolala mkasi, moja imeinama kulia moja kushoto. 12 mara 8 ni 96, mara mbili 192. Jirani yako kakosea nane tu, mpe hongera. Nyuma ya vibati kuna mitambo 64 ya kutuma na kupokea, kila mmoja unabeba kikundi cha antena tatu, na nyuma kabisa mapezi ya chuma ya kupoza maana linapata moto haswa na umeme linakula.

Zinaenea kwa sababu ya masafa. Urefu wa wimbi ni 300 gawanya kwa megahezi unapata mita. Megahezi 3,500 ambayo 5G inaipenda, wimbi ni sentimita 8.6, na antena zikipangwa kwa nusu wimbi zinaachana sentimita 4 na kidogo. Mistari 8 inaenea kwenye sentimita 35. Ungetaka kufanya vilevile kwenye megahezi 800 zile za kufika mbali, nusu wimbi ni karibu sentimita 19, mistari 8 inakuwa mita moja na nusu, ni geti la nyumba hilo, upepo wa kusi ungeling'oa na paa lako. Ndo maana unayaona mapana mafupi kwenye masafa ya juu tu.

Kazi yake sasa. Umeshawaona wavuvi wakivuta kokoro pale Kunduchi? Kila mtu ana nguvu zake ndogo ila wakipokezana wimbo na kuvuta kwa mpigo mmoja nyavu inakuja, mmoja akivuta wakati mwenzake analegeza hamna kitu. Antena hizi zinatuma wimbi lilelile ila kila moja inacheleweshwa kidogo kwa hesabu, ili pale ulipokaa wewe na simu yako mawimbi yote yafike yanavuta pamoja, na mtaa wa pili yafike mengine yanavuta mengine yanalegeza, yanauana. Unapata mwale unaokufuata wewe. Wazo la kuelekeza mawimbi kwa kuchelewesha ni la kale, Mjerumani Ferdinand Braun alilijaribu 1905, rada za vita zikalitumia. Kipya ni wingi wake, mwaka 2010 Thomas Marzetta wa hukohuko Bell Labs aliandika kwamba ukiwa na antena nyingi mno kuliko watu unaowahudumia kwa mpigo, kelele na mwingiliano vinafifia, na hesabu zenyewe zinakuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Ndo ikaja 5G na maboksi haya, mengi ya aina hiyo yanaweza kurusha mizigo hata 16 kwa wakati mmoja masafa yaleyale, wewe na wako, jirani na wake, mwenye genge na wake.

Linajuaje ulipo? Simu yako inatuma alama fupi kwenda juu, boksi linapima imefikaje kwenye kila mtambo, halafu linageuza hesabu hiyohiyo kurudi chini. Inawezekana kwa sababu masafa hayo kupanda na kushuka wanapokezana kwenye njia moja, iliyopindisha kwenda ndo itapindisha kurudi.

Mionzi sasa maana najua ndo ulichotaka. Haya ni mawimbi ya redio, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei, yakizidi sana karibu kinachotokea ni joto. Mwale uko mbele ya boksi siyo chini yake, wewe uliyelala chini ya paa hauko njiani. Hatari ni ya anayepanda kuanika nguo na kusimama mbele yake mita moja, kama wameweka mnyororo na kibao msiuvuke, kama hawajaweka wadai. Na kodi, mzee, soma mkataba, maboksi matatu yameongezeka uzito juu ya zege lako.

SWALI: Fundi kuna stika ya dhahabu ya kubandika nyuma ya simu ndani ya kava inaongeza netiweki, elfu tano. Ni kweli? (Muuza nguo, Kariakoo)

JIBU: Hapana. Elfu tano kula chipsi kavu na mishikaki. Kipande cha chuma ambacho hakijaunganishwa na kitu chochote, kimebandikwa pale antena ya simu ilipo, mara nyingi kinaharibu tu.

SWALI: Fundi, huku kwetu Chanika ndanindani netiweki ni ya kuviziavizia. Nina rauta ya laini ina matundu mawili nyuma ya kuchomeka antena za nje. Nimenunua antena moja ya mifupa ya samaki nimeifunga kwenye mwembe, waya mita 25. Vijiti vimetoka viwili vimekuwa vinne ila kasi imepungua kuliko mwanzo!! Nimemkosea nani? (Mfugaji wa kuku, Chanika)

JIBU: Hujamkosea mtu kaka, umeliacha tundu moja wazi. Rauta ilikuwa na masikio mawili hafifu, umelipa sikio moja tarumbeta na lingine umeliziba. Netiweki inasikika kwa nguvu ila mizigo miwili imegeuka mmoja, nusu ya uwezo imekwenda na mwembe.

Tafuta ya pili inayofanana nayo. Kisha usizifunge zote zimesimama, inamisha moja nyuzi 45 kulia na nyingine nyuzi 45 kushoto zikae mkasi, ndo antena za mnarani zilivyokaa humo ndani, kila mzigo unakuja na mlalo wake na haikanyagani. Waya mita 25 ni mrefu mno, zile nyaya nyembamba zinameza mawimbi vibaya. Afadhali rauta uipandishe ikae karibu na antena ndani ya boksi lisilopitisha maji, waya wa antena uwe mita mbili tatu, halafu ushushe waya wa intaneti mpaka sebuleni, huo hata mita 50 haulalamiki.

Na kulenga usilenge kwa vijiti. Ingia kwenye ukurasa wa rauta kwa simu, kuna namba inaitwa SINR, hiyo ndo inakwambia mawimbi yamezidi kelele kwa kiasi gani. Mtu mmoja awe mtini anageuza polepole, mmoja chini anasoma, ukisogeza kidogo subirini sekunde kumi namba itulie. Ikiwa 3 unateseka, ikifika 15 unacheka, 20 na kuendelea usiguse kitu tena shuka mtini. Usishangae ikipanda ukiwa umegeukia mnara wa mbali kuliko wa karibu, wa karibu huenda umejaa au unaingiliwa na mwenzake. Tatizo lako lingine litakuwa majani, masika mwembe ukinenepa na maji utaona namba imeshuka. Nguzo ya bomba ni bora kuliko mti, nayo weka waya wa ardhi kwa ajili ya radi.

SWALI: Mi nina simu ya 5G na napanda mwendokasi kila siku Kimara mpaka Kivukoni. Nikiwa kituoni Kimara intaneti inapaa, basi likianza kukimbia inakuwa ya kawaida kabisa wakati 5G bado inasoma, likisimama taa za Magomeni inapaa tena. Simu ina ubovu? (Mhasibu, Kimara)

JIBU: Simu nzima. Rudi kwenye jibu la mzee wa Sinza, pale niliposema boksi linapima njia ya simu yako ndo linaelekeza mwale. Basi likitembea kilomita 60 kwa saa, ni mita karibu 17 kwa sekunde. Wimbi ni sentimita 8.6. Yaani ukikata sekunde moja vipande elfu, ndani ya vipande vitano tu, siyo sekunde tano, umeshavuka urefu mzima wa wimbi na ile picha ya njia iliyopimwa imechakaa, mawimbi yaliyopangwa yavute pamoja yanakukosa, yanavuta pale ulipokuwa. Mtambo ukiona hivyo unaacha kukupa mwale mwembamba wa hesabu kali, unakupa mpana wa kukisia, na wa mpana hauwezi kuwapangia watu wengi kwa mpigo. Ukisimama taa nyekundu picha inakuwa mbichi tena.

La pili ni kwamba mwale unatenganisha watu waliotawanyika. Mmoja yuko ghorofani, mmoja bodaboda, mmoja dukani, hapo boksi linafurahi. Nyie mmebanana ndani ya basi moja, kutoka mnarani mnaonekana kama nukta moja inayotembea, mwale wa kwako na wa aliyekukanyaga mguu ni uleule, basi mnagawana kama zamani.

Ukifika Kivukoni pima kasi mara tu unaposhuka ukiwa umesimama pembeni, halafu upime tena ukiwa kwenye foleni ya pantoni saa kumi na moja jioni, uniandikie namba zote mbili.